Mmea umeungua, umenyauka au umegoma kukua: kutafuta chanzo msimu wa baridi nyanda za juu

Kabla hujanunua dawa, jua kwanza baridi iliyoko kwako ni ya namna gani. Njombe, Makete na Mufindi, baridi ya Juni hadi Agosti huja pamoja na ukavu: mchana jua kali, usiku mbingu safi bila wingu, alfajiri sakitu, yaani tabaka jembamba la barafu, imetanda juu ya nyasi. Limuru ni kinyume. Julai ya huko ni mawingu, manyunyu na ukungu unaochelewa kuondoka, na katika maeneo hayo ya juu ya Kenya, Nyandarua ikiwemo, sakitu hupiga zaidi kati ya Desemba na Februari, usiku unapokuwa hauna mawingu. Kwa hiyo nyanya yenye majani meusi Makete huenda imeunguzwa na sakitu, na nyanya yenye majani meusi Limuru mwezi uleule karibu kila mara imeshambuliwa na kuvu. Ya kwanza hata uipulizie dawa ya ukungu galoni nzima haitapona. Ya pili ukiifunika kwa shuka usiku na mchana unaiongezea ugonjwa.

Jambo la pili la kukagua ni jua lenyewe. Juni jua huwa upande wa kaskazini. Njombe, mwishoni mwa mwezi huo, jua la saa 6 mchana limeegemea kaskazini kwa nyuzi zipatazo 33 kutoka utosini. Baraza linalotazama kusini, ambalo Desemba lilikuwa linapata jua zuri, sasa liko kivulini kutwa nzima. Chungu hakijahamishwa, lakini kwa mmea ni kama umehamishiwa stoo. Ukiona mmea wa barazani umeanza kurefuka, vifundo vimeachana na majani mapya ni madogo, usiuongezee mbolea. Uhamishie upande wa kaskazini au mashariki kuanzia Mei, na uurudishe Septemba.

Majani yamekuwa meusi ndani ya usiku mmoja

Nenda bustanini saa 12 asubuhi, kabla jua halijagusa majani. Jani lililopigwa na sakitu saa hiyo ni gumu, rangi yake ni kijani kilichoiva sana, na linang'aa kama limepakwa mafuta. Ikifika saa 4 limelegea kama mchicha uliochemshwa. Kesho yake ni jeusi, keshokutwa ni kahawia na linavunjika mkononi. Barafu imejitengeneza kati ya seli na seli, ikanyonya maji yaliyomo ndani yake na kuziharibu.

Ushahidi mwingine uko kwenye mpangilio wa madhara. Sakitu huunguza majani yanayotazama angani, na kuacha yaliyo chini yake. Mmea ulio chini ya paa au chini ya mti mkubwa hubaki mzima, na wa hatua mbili pembeni umeungua. Madhara huwa makubwa zaidi mahali pa chini pa shamba. Kuvu haifuati mpangilio huo. Huanza na madoa, huenea kwa siku kadhaa, na hupenda majani ya ndani yasiyopata hewa.

Ili kuzuia, elewa joto linapokwenda. Mchana udongo hulihifadhi, usiku hulirudisha juu. Mawingu yakiwepo hulizuia lisipotee, mbingu ikiwa safi linakwenda zake. Hewa iliyopoa ni nzito, hivyo huteremka mtelemkoni kama maji na kujaa mabondeni. Kutokana na hayo:

Mwagilia udongo mchana wa siku inayotangulia, uloane kina cha sentimita 15 hivi. Udongo wenye unyevu hushika joto zaidi ya udongo mkavu na hulitoa vizuri usiku. Lengo ni udongo tu, majani yabaki makavu.

Sogeza matandazo. Wengi hushangaa, kwa kuwa wameambiwa matandazo hukinga baridi. Hukinga mizizi, ni kweli, lakini tabaka nene la nyasi kavu huzuia joto la ardhini lisipande kwenye majani, na miche iliyo juu ya matandazo huungua kuliko iliyo juu ya udongo mtupu. Katika wiki za hatari yafagilie kando nusu mita kutoka kwenye shina, yarudishe hatari ikipita.

Funika mapema. Shuka kuukuu, gunia la katani au nyasi ziwekwe saa 11 jioni, udongo ukiwa bado una joto, na kifuniko kifike mpaka chini. Kifuniko kinachoning'inia juu kama mwavuli huku pembeni pako wazi kinasaidia kidogo tu. Nailoni isiguse majani, kwa sababu jani linaloigusa huungua palepale lilipogusana nayo. Tumia vijiti vinne kuiinua. Saa 3 asubuhi ondoa kila kitu, la sivyo utaamsha kuvu.

Fungua njia ya hewa. Ua mnene ulio upande wa chini wa shamba lenye mteremko hufanya kazi ya bwawa, hewa baridi ikajaa nyuma yake. Uwazi wa mita moja au mbili unatosha kuitoa.

Usiku wa hatari hujitangaza: nyota zimeng'aa, majani hayatikisiki, hewa ni kavu. Weka kipimajoto kwenye kimo cha mmea, kwa kuwa usiku wa namna hiyo karibu na ardhi huwa baridi kwa nyuzi kadhaa kuliko kwenye kimo cha kichwa cha mtu. Kikisoma chini ya nyuzi 6 za Selsiasi saa 3 usiku na mbingu ni safi, funika bila kusubiri.

Kuna mbinu mbili zinazopendwa ambazo hazilipi. Ya kwanza ni moshi wa matairi au nyasi mbichi: moshi hauzuii joto la ardhi kupotea angani kama mawingu yanavyofanya, na wa matairi ni sumu kwako na kwa majirani. Ya pili ni kunyunyizia majani maji jioni kisha kwenda kulala. Maji yale yakianza kuvukiza huchukua joto la jani na kulipoza zaidi. Unyunyizaji hukinga endapo tu unaanza kabla ya sakitu na kuendelea bila kukatika mpaka barafu yote iyeyuke asubuhi. Mwenye bustani ya kawaida hana maji ya kiasi hicho.

Kama mmea umeshaungua, kazi ngumu kuliko zote ni kutofanya kitu. Usikate matawi yaliyoungua wiki hiyo. Majani makavu yanafunika machipukizi yaliyo chini yake, na ukipogoa sasa mti hutoa chipukizi laini litakalopigwa na sakitu inayofuata. Subiri wiki 6 hadi 12, mpaka machipukizi mapya yaonyeshe palipo hai. Hapo kwaruza gome kwa ukucha: kijani ni hai, kahawia kavu ni mfu. Kata sentimita moja juu ya chipukizi.

Mparachichi mchanga unahitaji uangalizi zaidi. Ukipoteza majani, shina lililozoea kivuli linaachwa kwenye jua kali la mchana na gome linapasuka, na ufa huo mara nyingi huua mti ambao sakitu iliuacha hai. Paka shina na matawi makubwa chokaa iliyokorogwa na maji mpaka iwe nzito kama uji mwepesi. Kisha angalia chipukizi linatoka wapi. Likitoka chini ya kovu la kubebeshea, yaani pale aina mbili za mti zilipounganishwa, hiyo si Hass tena, ile aina ya parachichi uliyonunua, ni mti wa chini uliobeba. Likate, na kama juu ya kovu hakuna uhai, panda mche mwingine.

Majani ya chungu yanageuka njano huku udongo umeloa

Mimea ya ndani inayokufa msimu wa baridi, mingi inauawa na kopo la kumwagilia. Nia ni njema: mmea umelegea, mtu anadhani una kiu, anauongezea maji. Lakini kwenye chumba chenye nyuzi 14 na mwanga hafifu mmea hunywa kidogo sana. Maji hujaza nafasi za hewa kwenye udongo, mizizi hukosa pumzi na kuoza, na mmea usio na mizizi hulegea vilevile kama ulio na kiu. Ndiyo maana udongo uchunguzwe kabla ya jani.

Ingiza kidole mpaka kifundo cha pili, sentimita 4 au 5. Kama kuna ubaridi wa unyevu na udongo unanata, usimwagilie. Halafu inua chungu. Ukizoea uzito wake kikiwa kikavu na kikiwa kimeloa, mkono wako utakuambia kuliko kalenda yoyote. Chungu kilichohitaji maji kila siku tatu mwezi Februari huenda Julai kikakaa siku kumi. Usihesabu siku.

Ukihisi harufu ya kinamasi, au shina linatikisika kwenye udongo, toa mmea wote. Mzizi mzima ni mweupe au wa rangi ya maziwa, na ni mgumu. Mzizi uliooza ni kahawia, na ukiuvuta kati ya vidole ganda lake linavuka kama soksi na kubakiza uzi mwembamba. Fanya hivi:

1. Osha udongo wote kwa maji ya uvuguvugu.
2. Kata kila mzizi uliolainika mpaka ufike palipo peupe. Futa kisu kwa spiriti kati ya mmea na mmea.
3. Kama umepoteza nusu ya mizizi, punguza na theluthi ya majani, maana mizizi iliyobaki haiwezi kuyanywesha yote.
4. Panda kwenye chungu kinachotosha mizizi iliyobaki tu, chenye tundu chini. Chungu kikubwa hubaki na udongo mwingi wenye maji ambayo hakuna mzizi wa kuyanywa.
5. Tumia udongo mpya: sehemu mbili za udongo wa juu, moja ya mchanga mkubwa wa mtoni, moja ya mboji iliyoiva. Mchanga laini wa kupiga plasta haufai, huziba.
6. Mimea ya majani laini ipe maji kidogo mara moja, kisha subiri sentimita 3 za juu zikauke. Shubiri, dungusi kakati na sansevieria visionje maji kwa wiki nzima.
7. Mbolea isiguswe kwa wiki 6.

Baada ya hapo mwagilia asubuhi, kati ya saa 3 na saa 5, ili udongo upate joto la mchana. Baada ya dakika 20 mwaga maji yaliyobaki kwenye kisahani. Chungu kilichokaa moja kwa moja kwenye sakafu ya saruji kiinue juu ya ubao au vipande viwili vya tofali, kwa kuwa saruji hunyonya joto la mizizi usiku kucha.

Joto la maji nalo lina maana. Maji ya tangi la nje alfajiri ya Julai yanauma mkono, na mizizi inayahisi hivyo hivyo. Yaache ndani ya nyumba usiku mzima kwenye ndoo. Saintpaulia, ua dogo la zambarau lenye asili ya milima ya Usambara, hukuonyesha kosa hili waziwazi: maji baridi yakidondokea jani lenye joto, huacha pete na michirizi ya manjano isiyofutika. Mwagilia kwa kuweka maji kwenye kisahani, kisha mwaga yanayobaki.

Vijidudu vyeusi vinavyoruka unapotikisa chungu ni dalili ya shida ile ile ya maji mengi. Mabuu yake huishi kwenye udongo wenye unyevu wa kudumu. Acha sentimita 3 za juu zikauke kabisa, kisha weka tabaka la mchanga mkubwa la sentimita 2.

Ncha za majani zimekauka, au majani yanadondoka bado ya kijani

Ncha za kahawia kwenye masale na kangaga hutokana na hewa kavu, au chumvi ya mbolea. Ukiona utando mweupe juu ya udongo au kwenye ukingo wa chungu, ni chumvi. Peleka chungu nje mchana wa jua, pitisha maji polepole yenye ujazo mara tatu ya chungu, yatoke yote chini. Fanya hivi mara moja tu, kisha acha kikauke vizuri. Bila utando mweupe, sogeza mmea mbali na dirisha linalopitisha upepo. Kunyunyizia majani maji hulowanisha jani kwa dakika chache tu.

Majani ya kijani yanayodondoka kwa wingi ndani ya siku mbili yana sababu chache: mmea umehamishwa ghafla, upepo wa baridi wa mlangoni, au jiko la mkaa. Mkaa usioungua vizuri hutoa gesi ya ethilini, ile ile inayotolewa na ndizi zinazoiva, nayo huamuru majani na vikonyo vya maua kuachia. Usipashe chumba joto kwa mkaa kwa ajili ya mimea. Chumba kilichofungwa chenye jiko linalowaka huua watu kwa gesi ya kaboni monoksidi, na usingoje harufu, kwa kuwa gesi hiyo haina.

Miche imekuwa ya zambarau na haikui

Mahindi, nyanya na kabichi changa hugeuka zambarau kwenye ukingo na chini ya jani. Ni dalili ya upungufu wa fosforasi, na mwenye bustani hukimbilia DAP, mbolea yenye fosforasi nyingi. Mara nyingi fosforasi ipo kwenye udongo. Udongo ukishuka chini ya nyuzi 15 hivi, mizizi hupunguza kukua na kushindwa kuifikia. Subiri. Majani mapya yakitoka ya kijani siku zikipata joto, kazi imeisha. Yakiendelea kuwa zambarau hata joto likirudi, hapo pima udongo na uweke mbolea.

Mbegu hazioti, au miche inaanguka

Kwenye udongo wa nyuzi 25 nyanya huota kwa siku 6 hivi, kwenye nyuzi 15 huchukua kama siku 14. Pilipili kwa nyuzi 15 hufika siku 25, na nyingi huwa zimeshaoza. Weka trei kwenye rafu ya jikoni mpaka ziote, lakini siku ile ya kwanza unapoona shingo za kijani zipeleke kwenye mwanga.

Mche ulioota kisha ukaanguka, shingo imekuwa nyembamba kama uzi pale unapogusana na udongo, una kinyausi. Hautapona. Toa ulioanguka pamoja na udongo wake, punguza msongamano, mwagilia asubuhi tu. Kwa trei inayofuata tumia udongo uliochemshwa kwa mvuke nusu saa, na osha trei.

Mazao yanayokwama

Maua ya nyanya hudondoka usiku ukishuka chini ya nyuzi 13, kwa sababu chavua haifanyi kazi. Handaki dogo la nailoni, linalofungwa saa 10 jioni na kufunguliwa saa 3 asubuhi, husaidia. Kutikisa vichala mchana nako kunasaidia kidogo. Mbolea ya naitrojeni inazidisha majani tu.

Mgomba huacha kutoa majani karibu na nyuzi 14. Majani yanarundikana kileleni na mkungu hukwama kooni. Hakuna dawa. Bakiza chipukizi litakalozaa joto likiwepo.

Vitunguu na kabichi vinavyotoa ua vilipandwa vikubwa mno. Mche wenye shina nene kuliko penseli ukipitia wiki kadhaa za baridi huamini umemaliza mwaka. Kuvunja ua hakurudishi kitunguu, kitumie mapema kwa sababu hakitadumu stoo. Msimu ujao hamisha miche ikiwa myembamba.

Kuvu na wadudu

Bakajani chelewa kwenye viazi na nyanya ndiyo hatari kuu ya baridi yenye manyunyu. Tafuta doa jeusi lenye ukingo wa kijani hafifu kama limelowa. Geuza jani asubuhi na mapema, chini yake kuna vinyweleo vyeupe. Ugonjwa huu hupenda ubaridi wa nyuzi 10 hadi 20 na majani yaliyolowa usiku kucha. Jani lililougua haliponi, kwa hiyo dawa hukinga yaliyobaki. Ng'oa mimea iliyoathirika sana na uifukie. Dawa ya mankozebu kwa kawaida ni gramu 40 hadi 50 kwa bomba la lita 20, lakini lebo ya pakiti yako ndiyo inayotawala, pamoja na siku za kungoja kabla ya kuvuna. Pulizia chini ya majani pia. Ukipulizia juu peke yake umeacha mlango wazi.

Unga mweupe juu ya majani ya waridi na maboga ni ubwiri unga. Huu hauhitaji jani kulowa, hupenda usiku wa ubaridi na mchana wa joto. Changanya maziwa sehemu 1 na maji sehemu 9, pulizia asubuhi ya jua kila baada ya siku 7, na pogoa katikati ya kichaka hewa ipite.

Nukta ndogo za manjano na utando mwembamba chini ya jani, hasa kwenye ukavu wa Njombe, ni utitiri. Gonga jani juu ya karatasi nyeupe, vumbi likitembea umepata jibu. Osha chini ya majani, kisha pulizia kijiko cha chai cha sabuni ya maji kwenye lita moja ya maji. Jaribu kwanza jani moja, ungoje siku moja. Rudia kila siku 6, mara tatu, kwa sababu mayai hayafi kwa sabuni. Vidung'ata, vile vipamba vyeupe kwenye makwapa ya majani, wagusishe pamba yenye spiriti mmoja mmoja.

Mbolea irudishwe mmea ukishaanza wenyewe kutoa majani mapya, na ianze kwa nusu ya kipimo cha kawaida.